Wimbo wa Kufungulia na Wimbo wa Kufungia: Nyimbo Sita za Cowboy Bebop

Anime, yaani katuni za Kijapani za sinema na televisheni, zina desturi ambayo mtazamaji huizoea haraka kiasi cha kutoiona tena: kila kipindi hufunguliwa kwa wimbo na kufungwa kwa wimbo. Wimbo wa kufungulia hupita pamoja na picha zilizochorwa mahususi kwa ajili yake, huku jina la kipindi na majina ya watengenezaji wakuu yakijitokeza, na wimbo wa kufungia husindikiza orodha ndefu zaidi ya majina baada ya kisa kumalizika. Kila mmoja huchukua takriban sekunde 90, kwa kuwa kipindi cha nusu saa, matangazo ya biashara yakiondolewa, hubakiwa na dakika 24 hivi, na humo ndimo nyimbo na hadithi hulazimika kugawana nafasi. Kwa sababu hiyo wimbo unaosikika kwenye televisheni mara nyingi ni kipande tu kilichokatwa kutoka kwenye wimbo mrefu zaidi, na mtunzi hodari ni yule anayejua tangu mwanzo mahali kisu kitakapopita.

Wapenzi wa anime wamekuwa wakizipanga nyimbo hizi kwa daraja tangu zamani, na mabishano yao huwa makali kama ya mashabiki wa mpira. Upungufu wa upangaji mwingi ni kwamba nyimbo hupimwa kwa utamu peke yake, kana kwamba zimeng'olewa kwenye kipindi na kuwekwa kwenye sahani moja na nyimbo nyingine zote za dunia. Wimbo wa kufungulia una kazi ya kumwandaa mtu aliyetoka kwenye shughuli zake aingie katika ulimwengu wa hadithi, na wimbo wa kufungia una kazi ngumu zaidi, ya kumtoa humo bila kumwangusha. Daraja linalotolewa katika sura hii limejengwa juu ya kazi hiyo: wimbo unapimwa kwa kile unachokifanya mahali ulipowekwa, na utamu wake unahesabiwa kama sehemu moja tu ya kazi.

Kipindi kilichochaguliwa ni Cowboy Bebop, kazi ya studio ya Sunrise iliyoongozwa na Shinichirō Watanabe, yenye vipindi 26 na filamu moja ya sinema. Sababu ya kukichagua ni ubahili wake. Vipindi vingi vya Kijapani hubadilisha nyimbo kila baada ya miezi michache, hasa kwa sababu kampuni za muziki huutumia muda huo kutangaza wasanii wao, ambapo Cowboy Bebop ilishikilia wimbo mmoja wa kufungulia na wimbo mmoja wa kufungia, ikauacha huo wa kufungia mara mbili tu. Ukijumlisha nyimbo mbili za filamu unapata sita, na ubahili huo ndio unaozipa nyimbo hizo uzito ambao orodha ya nyimbo 20 isingeweza kuubeba.

Desturi yenyewe ina historia yake. Tetsuwan Atom, katuni ya mvulana wa chuma iliyoanza kuonyeshwa Januari 1963, ilikuwa na wimbo ulioandikiwa maneno na mshairi Shuntarō Tanikawa, na kwa miaka mingi baada ya hapo wimbo wa katuni ulikuwa wimbo wa watoto: ulimtaja shujaa na kusifu nguvu zake. Mwaka 1983 mwimbaji Anri aliimba wimbo wa kufungulia wa Cat's Eye, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizotamba kabisa nchini mwaka huo, na wafanyabiashara wa muziki wakatambua kwamba sekunde 90 za katuni ni tangazo lisilo na mfano. Mwaka 1987 kipindi cha City Hunter kikaonyesha kwamba hata wimbo wa kufungia unaweza kuwa sehemu ya hadithi, kwani wimbo "Get Wild" wa kundi la TM Network ulianza kulia tukio la mwisho likiwa bado linaendelea, mtazamaji akajikuta ametolewa mlangoni kabla hajajua kwamba mlango umefunguliwa. Cowboy Bebop ilikuja miaka 11 baadaye, na ilikuwa imelisoma somo hilo vizuri.

Hadithi yake imewekwa mwaka 2071, wakati binadamu wametapakaa kwenye sayari na miezi ya mfumo wa jua, na polisi wakiwa wachache mno kulinda eneo kubwa kiasi hicho, hivi kwamba serikali hulipa fedha kwa yeyote atakayemkamata mhalifu akiwa hai. Wahusika wake ni watu wanaoishi kwa fedha hizo ndani ya chombo cha angani kiitwacho Bebop: Spike Spiegel, aliyewahi kuwa mtu wa genge la wahalifu, Jet Black, aliyewahi kuwa polisi, Faye Valentine, mwanamke asiyekumbuka alikotoka, msichana mdogo Ed, fundi wa kompyuta, na mbwa aitwaye Ein. Mara nyingi wana njaa. Kila mmoja amebeba jambo la zamani ambalo hataki kulizungumzia, na ukimya huo ndio nguzo ya kipindi kizima, kwa kuwa wahusika hawasemi yaliyo moyoni na kazi ya kuyasema imeachiwa muziki.

Muziki huo ulitungwa na Yōko Kanno, mzaliwa wa mkoa wa Miyagi, akishirikiana na kundi alilolikusanya kwa ajili ya kipindi hicho na kuliita Seatbelts, yaani mikanda ya usalama, kwa kisa cha kubuni kwamba wanamuziki wake hujifunga mikanda ili wasirushwe na kasi ya upigaji wao. Namna Kanno na Watanabe walivyofanya kazi ilikuwa kinyume cha desturi. Kwa kawaida mwongozaji humpa mtunzi orodha ya miziki anayoihitaji, ya huzuni, ya mapigano, ya safari, naye mtunzi huitimiza. Lakini Kanno alileta pia miziki ambayo hakuna aliyemwagiza, na Watanabe ameeleza kwamba baadhi ya matukio ya kipindi yalizaliwa baada ya yeye kuusikia muziki huo. Vipindi vyenyewe vinaitwa "seshini", neno la wanamuziki wanapokutana kupiga pamoja, na vingi vimepewa majina ya nyimbo au mitindo ya muziki.

Neno "bebop" nalo linahitaji ufafanuzi, na ufafanuzi huo hauna budi kuanzia kwenye jazi. Msomaji wa Kiswahili amelizoea neno jazi katika majina ya bendi za dansi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, ambazo zilichota zaidi kwenye rumba ya Kuba na ya Kongo kuliko kwenye jazi ya Marekani. Jazi inayohusika hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, na bebop ni tawi lake lililochipuka New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wapigaji kama Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Thelonious Monk na Kenny Clarke walipokuwa wakikutana usiku, baadhi yao katika klabu ya Minton's Playhouse mtaani Harlem, kupiga muziki wa kasi na wenye mageuzi mengi ya sauti, muziki wa kusikilizwa kwa makini kuliko wa kuchezwa. Jambo kuu katika bebop ni ubunifu wa papo hapo: wanamuziki hukubaliana wimbo wa kuanzia, kisha kila mmoja kwa zamu huuvunja na kuujenga upya mbele ya wenzake.

Nafasi ya sita, ambayo ni ya mwisho, inakwenda kwa "Ask DNA", wimbo wa kufungulia wa filamu iliyotoka Japani Septemba 2001, ulioimbwa na Raj Ramayya kwa maneno ya Kiingereza ya Tim Jensen. Ni wimbo mwepesi, wenye gitaa la kutembea na sauti isiyo na haraka, na picha zake, zinazoonyesha watu wa kawaida wa mjini wakipita, wakisubiri na wakifanya kazi kwa rangi nyeusi na nyeupe, ni miongoni mwa picha bora kabisa katika kazi yote ya Watanabe. Kasoro yake ni kwamba picha zinaushinda wimbo. Anayetazama huukumbuka mtaa na kuusahau mdundo, na kwa kigezo cha sura hii wimbo uliozidiwa na kile ulichopaswa kukibeba hauwezi kupanda juu zaidi, ingawa hakuna katika nyimbo hizi sita hata mmoja unaostahili kuitwa mbaya.

Wa tano ni "Gotta Knock a Little Harder", unaoifunga filamu hiyohiyo, ukiimbwa na Mai Yamane, mwanamke mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo itatajwa tena mara mbili kabla sura haijaisha. Wimbo umejengwa juu ya msingi wa injili ya Wamarekani Weusi: unaanza chini, karibu na usemi, kisha unapanda hatua kwa hatua hadi sauti ya mwimbaji inapokaribia kupasuka. Ni mzuri mno. Lakini filamu yenyewe imewekwa katikati ya hadithi, kati ya kipindi cha 22 na cha 23, hivyo mwisho wake si mwisho wa jambo lolote kubwa katika maisha ya wahusika hawa, na wimbo unalia kwa uchungu mkubwa kuliko uchungu uliopo mbele yake.

Kwenye nafasi ya nne ndipo mgogoro unapoanza kunoga, kwa sababu "Space Lion" ni wimbo ambao wengi huusahau kabisa wanapohesabu nyimbo za kufungia, na kuusahau huko kuna sababu: ulitumika mara moja tu, mwishoni mwa kipindi cha 13. Namba hiyo ina maana yake. Vipindi ni 26, na 13 ni katikati kabisa. Kwa hiyo mtazamaji ameshausikia wimbo wa kawaida wa kufungia mara 12 mfululizo, masikio yake yameshajua saa ya kuagana, na ghafla anaagwa kwa sauti ngeni. Kipindi cha 12 na cha 13, vyenye jina "Jupiter Jazz", vinasimulia habari za Gren, mpiga saksafoni katika baa kwenye Callisto, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupiter), aliyewahi kuwa askari vitani huko Titan, akasalitiwa na mtu aliyemwona rafiki. Gren anajeruhiwa vibaya na kuomba jambo moja tu, kurudishwa Titan, hali akijua kwamba hatafika akiwa hai. Spike anakivuta chombo chake hadi angani na kukiachia kiende.

Hapo "Space Lion" inaanza, nayo inaanza kwa saksafoni. Ala ya Gren inaendelea kulia baada ya mwenyewe kunyamaza, polepole, juu ya sauti za chini zinazofanana na pumzi, na baadaye ngoma zinaingia, kisha sauti za watu wengi zinaimba pamoja bila kusimulia kitu, hadi kile kilichokuwa kilio cha mtu mmoja kinageuka kuwa msiba wa kijiji kizima. Katika albamu wimbo huo unapita dakika saba, urefu ambao hakuna mtayarishaji wa televisheni angeukubali katika desturi ya sekunde 90, na hata ulivyopunguzwa bado unaonekana kuwa haujali saa. Kinachouzuia usipande juu zaidi ya nafasi ya nne ni kwamba unamhusu Gren, mgeni wa vipindi viwili, na mtazamaji akiendelea mbele anamwacha nyuma pamoja na wimbo wake.

Nafasi ya tatu imepewa "Tank!", na hapa inajulikana wazi kwamba wengi watapinga, kwani huo ndio wimbo uliokitangaza kipindi duniani, ndio uliohifadhiwa hata Marekani walipotengeneza toleo la waigizaji wa kawaida mwaka 2021, na katika orodha nyingi hukaa juu bila mshindani. Sifa zake hazina ubishi. Unaanza kwa mlipuko wa ala za kupuliza, tarumbeta na tromboni zikipiga kwa pamoja kama mlango unaobamizwa, kisha zinanyamaza ghafla na kuliacha gitaa kubwa la besi likitembea kwa kasi na ngoma ndogo za mkono za Kikuba zikilifukuzia, huku sauti ya mwanamume ikizungumza juu yake na kuhesabu kurudi nyuma. Ikimaliza kuhesabu, kundi zima linaingia. Saksafoni ya alto, iliyopigwa na Masato Honda, inashika usukani na kuufanya ule uvunjaji na ujenzi ulioelezwa hapo juu, na msikilizaji ambaye hajawahi kuijua jazi anajikuta ametikisa kichwa kabla hajaamua kama anaipenda.

Picha zinazokwenda nao zinastahili kutazamwa kwa kusimamisha mkanda. Wahusika wamegeuzwa vivuli juu ya rangi tambarare, nyekundu, manjano, buluu, bila nyuso wala vivutio vya kawaida vya katuni, kwa namna inayokumbusha vichwa vya filamu za Kimarekani za miaka ya 1950 na 1960. Nyuma ya vivuli hivyo maandishi madogo ya Kiingereza yanapita kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Anayeyasimamisha ayasome hukuta habari za New York ya mwaka 1941 na klabu ya Minton's, za vijana waliochoshwa na muziki wa kale wakaamua kupiga wautakao, na mwisho wake tamko kwamba kazi hii inayokuja nayo itakuwa aina mpya ya peke yake. Tamko kama hilo lingekuwa majigambo matupu kama lingesomwa kwa sauti, lakini limefichwa mahali ambapo anayelifikia ni yule tu aliyejitaabisha kulitafuta, na kipindi kilichofuata kikalitimiza.

Kwa nini basi wa tatu? Kwa sababu "Tank!" inafungua nyumba isiyokuwa hii. Inaahidi mbio, ucheshi na ushindi, na kweli vipo, lakini chini yake Cowboy Bebop ni hadithi ya watu wanaoishi juu ya maisha yaliyokwisha vunjika, jambo ambalo hakuna dalili yake hata moja katika sekunde hizo 90. Inawezekana kusema, na wako wanaosema, kwamba huo ndio ujanja wenyewe: mtu anakaribishwa kwa karamu ili akae hadi saa ya kilio. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo ujanja huo hautimizwi na "Tank!" yenyewe, bali na wimbo unaokuja dakika 20 baadaye kulipa deni lililowekwa, na katika upangaji kwa kazi, anayelipa deni hutangulia mbele ya anayekopa.

Wa pili ni "Blue", unaosikika mara moja tu kama wimbo wa kufungia, mwishoni mwa kipindi cha 26, na hapa hapana budi kueleza namna Wajapani wenyewe walivyoupata. TV Tokyo ilikionyesha kipindi kuanzia Aprili hadi Juni 1998, lakini ilitoa vipindi 12 tu kati ya 26 pamoja na mkusanyiko maalumu wa kuagia, na kile cha mwisho hakikuwamo. Waliotaka kujua mwisho wake walisubiri kituo cha kulipia cha WOWOW, kilichoanza kuvionyesha vyote Oktoba mwaka huohuo na kumaliza Aprili 1999. Kwa mashabiki wa awali, basi, "Blue" haikuwa wimbo tu. Ilikuwa jibu lililochelewa takriban mwaka mzima.

Mai Yamane anauimba kwa Kiingereza, kwa maneno ya Tim Jensen, polepole, gitaa la umeme likimfuata kwa mbali kama mtu anayemheshimu mfiwa. Spike amekwenda kukutana na Vicious, rafiki wa zamani aliyegeuka adui, na amemaliza alichokwenda kukifanya. Ameanguka kwenye ngazi. Kamera haimsogelei usoni; inarudi nyuma na kupanda, inamwacha akiwa mdogo, inapita mawingu, inafika penye nyota, na katika nyota hizo moja inazimika. Katika kipindi cha 13 mzee mmoja mwenye hekima za asili alimweleza mtoto habari za nyota inayoanguka mtu anapokufa, na mtazamaji anayekumbuka hilo hahitaji kuelezwa zaidi. Kisha yanatokea maneno mafupi ya kuagana, yaliyoazimwa kutoka kwa Beatles, yanayomwambia mtazamaji kwamba mzigo huu sasa ni wake.

Hakuna wimbo wa kufungia wa anime uliofanya kazi ya namna hiyo vizuri zaidi kwa mara moja. Lakini nguvu ya "Blue" imeazimwa. Rangi ya buluu ya mbingu inashtua kwa sababu macho yamezoezwa rangi ya kijivu, na ukimya wa uchungu unaingia kwa sababu masikio yalikuwa yakitarajia sauti nyingine. Anayeusikiliza kwenye albamu, bila ngazi wala nyota, atakuta ni wimbo mzuri wa polepole wa injili na roki, na pengine atashangaa kwa nini watu wazima hulia wanapousikia. Kilichouazima nguvu hizo ndicho chenye nafasi ya kwanza.

"The Real Folk Blues" uliimbwa na Mai Yamane huyohuyo kwa Kijapani, kwa maneno ya Yūho Iwasato, na jina lake limechukuliwa kwenye mfululizo wa albamu ambazo kampuni ya Chess ya Chicago ilizitoa miaka ya 1960 kwa kazi za wakongwe kama Muddy Waters, Howlin' Wolf na John Lee Hooker. Bluzi, mtindo uliozaliwa kusini mwa Marekani miongoni mwa wazao wa watumwa, kwa kawaida huwa na umbo maalumu la vipimo 12 vinavyojirudia, ambapo mstari wa kwanza husemwa mara mbili na wa tatu hujibu. Wimbo huu hauna umbo hilo. Una ala za kupuliza, gitaa lenye mlio wa kulalamika, na kibwagizo kipana cha roki, hivi kwamba mwanazuoni wa muziki angekuwa na haki ya kuuliza bluzi iko wapi. Iko kwenye msimamo wa anayeimba: mtu aliyejua anachokipenda, akakikosa, na sasa anakitaja bila kuomba huruma.

Picha zake hazina rangi. Ni mfululizo wa michoro ya kijivu, takriban yote imetulia, inayopita kama picha zilizookotwa sandukuni: kijana mwembamba, mwanamume mwenzake, mwanamke mwenye nywele ndefu za rangi nyepesi. Mtazamaji wa kipindi cha kwanza haelewi chochote. Amejua tu kwamba kijana yule anafanana na Spike, na kwamba kabla ya "Tank!" kulikuwa na tukio fupi la mvua na ua jekundu kwenye dimbwi, ambalo hakuna aliyelieleza. Wiki inayofuata picha ni zilezile. Kipindi cha tano kinamleta Vicious, na mwanamume wa pili kwenye picha anapata jina. Jina la Julia linaanza kusikika, kwanza kwa mbali, kisha Gren anakuwa mtu aliyewahi kukutana naye, na mwanamke wa kwenye picha anaanza kuwa mtu. Katika vipindi viwili vya mwisho, ambavyo navyo vimepewa jina hilohilo la wimbo, inajulikana kwamba Spike na Julia walipanga kutoroka pamoja, kwamba Vicious aligundua, na kwamba Spike alimsubiri asiyetokea.

Kwa hiyo mwishoni mwa kipindi cha 25, wimbo unapolia kwa mara ya 24 na ya mwisho, hakuna hata mchoro mmoja uliobadilishwa na hakuna noti iliyoongezwa, ila kila picha sasa inauma mahali pake. Hiki ndicho kitu ambacho nyimbo zinazobadilishwa kila msimu haziwezi kukifanya. Watengenezaji wengi huogopa kwamba mtazamaji atauchoka wimbo mmoja, wakampa mpya kabla hajauchoka, na kwa kufanya hivyo humnyima nafasi ya kukua pamoja na wimbo, kama mtu anavyokua hadi akaelewa neno ambalo bibi yake alikuwa akilisema kila siku. Watanabe na Kanno waliweka jibu la hadithi yote mbele ya macho ya watu tangu jioni ya kwanza, wakaliacha hapo wiki baada ya wiki, wakaamini kwamba atakayekaa hadi mwisho atalisoma.

Na anayekirudia kipindi tangu mwanzo, akafika mwisho wa kisa cha kwanza ambapo wimbo unaanza na mwanamke yule anapita kwa sekunde chache bila kutajwa na yeyote, hulitaja yeye mwenyewe jina la mwanamke huyo.